Haki Bila Bastola: Baraza la Wanawake wa Hanang

Katika Gunsmoke, tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyoonyeshwa tangu mwaka 1955 hata 1975, haki ya mji wa mpakani yakaa mikononi mwa mtu mmoja, Matt Dillon, na bastola yake. Nchi ya Mbulu na Hanang, ilimo Gehandu, nayo ilikuwa mpaka: hapo Wairaqw wakulima walikutana na Wadatoga wafugaji, na dola ilikuwa mbali. Lakini huko haki ilikuwa kazi ya baraza.

Wala si baraza la wanaume tu. Wabarabaig, ambao ni Wadatoga wa Hanang, walikuwa na baraza la wanawake, girgwageda gademga. Mwanamume aliyemdhulumu mwanamke alihukumiwa nalo, akatozwa dume la ng'ombe, hata kama mshtakiwa ni mume wa mmoja wao. Je, akikaidi? Walimlaani, na ni nani angethubutu kulala na laana ya mama zake? Mwanaanthropolojia George Klima aliliandika jambo hili mwaka 1964. Waingereza walikuwa wamekwisha kuunda mahakama za wenyeji, wakaketisha humo wanaume.