Studio ya Gemu Yenye Jina la Kiswahili, na Haiko Kenya

Wasee, swali la haraka. Kuna studio ya gemu imechukua jina lake kutoka Kiswahili, na haiko Nairobi wala Dar. Iko Yaoundé, Kamerun, mji wa Kifaransa. Inaitwa Kiro'o Games, na hiyo Kiro'o imetoka kwa neno letu "kiroho".

Stori inaanza 2003. Kijana anaitwa Olivier Madiba alianza kutengeneza gemu na marafiki zake. Haikufika sokoni. Wengi wetu hapo tungefuta faili tuendelee na maisha. Yeye aliweka wazo lake, akangoja miaka kumi.

2013 wakafungua studio rasmi. Doo walitoa wapi? Waliuza hisa kidogokidogo kwa watu waliowaamini. Wakafanya kazi stima zikipotea na kurudi. 2015 wakaingia Kickstarter kuomba yuro 40,000, watu wakachanga karibu 50,000. Mwishowe, tarehe 14 Aprili 2016, gemu yao Aurion: Legacy of the Kori-Odan ikatoka kwa Steam.

Ndani yake kuna Enzo na Erine, wanaopinduliwa na shemeji siku yao ya harusi na ya kutawazwa. Wanatoka kwenda kutafuta washirika wa kurudisha kiti, na nguvu anazopigania Enzo zinatokana na urithi wa mababu. Yaani Mwafrika ndiye shujaa, ndiye adui, ndiye kila kitu.

Sasa piga hesabu: 2003 hadi 2016 ni miaka 13.

Nasema hivi kwa sababu mimi niliacha chuo, na nimewahi kuposti hapa kama kwamba kuacha ndio ujasiri wenyewe. Zile posti ndizo mlizipenda sana. Lakini ukweli ni kwamba kuacha kulinichukua asubuhi moja. Mama bado ananiuliza, "Na hiyo kazi yako imefika wapi?" Mwaka wa kwanza nilikuwa nakasirika. Siku hizi naona ni swali la haki kabisa.

Madiba hakutoboa kwa kuacha kitu. Alitoboa kwa kukataa kuacha kimoja, na kwa kupata watu wa kukibeba naye.

Kwa hivyo ukiniuliza leo kama uache chuo, nitakuuliza kwanza: ni kitu gani hutaacha hadi miaka 13 iishe?