Kukwea kwa Skii: Istilahi na Tafsiri Yake

Mfasiri akutanapo na maneno ya Kiingereza “ski touring”, akalikimbilia neno “ziara” kwa kuwa ndilo lililo karibu na ulimi wake, humpoteza msomaji wa Kilindini bila ya kukusudia. Kwani ziara kwetu ni kuzuru jamaa au makaburi ya mawalii, ilhali linalotajwa hapa ni mashaka ya kukiendea kilele chenye theluji kwa nguvu za miguu, mtu akiwa amevaa skii, kisha kuteremka kwa skii hizo hizo.

Maana yake hubainika kwa kuwatazama Wakenya wawili. Philip Boit, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, huko Nagano mwaka 1998, alishindana katika mbio za masafa za skii, ambamo kisigino huachwa huru ili mtu apate kupiga hatua. Na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, aliyeiwakilisha Kenya huko Pyeongchang mwaka 2018, alishindana katika kuteremka, ambako kisigino hufungwa barabara ili mtu aimiliki kasi. Mwenye kukwea kwa skii huyakusanya yote mawili: apandapo hufungua kisigino, na chini ya skii hubandika utepe, ambao zamani ulikuwa ngozi ya sili, wenye manyoya yaliyolalia nyuma, yakubaliyo kwenda mbele na kukataa kurudi; afikapo juu huubandua, akafunga kisigino, akashuka.

Mteremko ukiwa mkali haupandwi wima, bali hukatwa mshazari, kisha mtu hugeuka na kuukata upande wa pili, kama jahazi lenye upepo wa mbele. Na kwa hilo lugha ya manahodha ina istilahi iliyo tayari, nayo ni kupiga bisho. Hatari zake nazo zina majina: poromoko la theluji, litokealo aghalabu theluji mpya iliyorundikwa na upepo isiposhikamana na tabaka la chini yake, na nyufa za barafuto, yaani mto wa barafu, zifunikwazo na theluji nyembamba, ambazo kwa ajili yazo watu hufungana kamba. Katika Großglockner, mlima wa mita 3,798 uliopita yote ya Austria, skii huachwa kabla ya ukingo wa mwisho, na kilele hufikiwa kwa mikono na kwa miiba ya chuma iliyofungwa viatuni. Na hapo neno kukwea huzidi kusadikika.

Kutaja jambo kwa lifanyavyo si bidaa katika Kiswahili. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro, na kiongozi wake akauita baridi tu. Na huko London mtaalamu William Desborough Cooley akakanusha katakata kuwa theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta, ilhali kiongozi yule, kwa kuutaja weupe kwa athari yake mwilini, alikuwa karibu zaidi na haki.

Basi chombo na kibaki skii, maadamu ni kigeni kwetu. Bali kitendo na kiitwe kukwea kwa skii, na mwenye kukitenda mkwezi, lakabu ambayo apandaye mnazi hatakosa kuielewa.