Mkufu wa Udongo na Majina Tuliyoyaacha Shambani

Mwezi uliopita mwenzangu mmoja aliyestaafu alinijia ofisini akiwa na daftari kuukuu la jalada gumu, lile la kijani tulilokuwa tukinunua kwa wingi miaka ya themanini. Alifundisha biolojia ya udongo katika chuo kikuu kimoja humu nchini kwa zaidi ya miaka thelathini. Wanafunzi walimwita Mzee wa Mchwa, maana siku ya kwanza ya muhula hakukosa kuingia darasani na kipande cha kichuguu ndani ya ndoo. Hata kabla ya kuketi akaniuliza, "Prof, nyinyi watu wa Kiswahili, katena mnaiitaje?"

Nilimjibu ukweli kwamba sikuwa nimewahi kulisikia neno lenyewe. Akacheka, kisha akasema, "Na neno lilizaliwa hapa hapa kwetu!"

Kwa hakika lilizaliwa Amani, kituo cha utafiti kilichoko katika milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania. Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 kuchunguza mimea na kilimo. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kikawa mikononi mwa Waingereza, wakakifanya kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima. Hapo ndipo alipofanya kazi Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo, ambaye kibarua chake kilikuwa kigumu kuliko kinavyosikika: kuchora ramani ya udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Ugumu ulikuwa huu. Ukisimama juu ya kilima, tuseme Buganda, chini ya miguu yako pana udongo mwekundu wenye mawe mawe. Ukiteremka hatua mia mbili, unakuta udongo mwingine, wenye kina zaidi. Ukifika bondeni, udongo ni wa kijivu au mweusi na maji yametuama. Panda kilima cha pili, utakutana na udongo ule ule kwa mpangilio ule ule, ila sasa umepinduliwa: mweusi kwanza, mwekundu mwisho. Mvua ndiyo inayofanya kazi hiyo. Huchukua chembe laini na chumvi kutoka juu, ikazishusha polepole hadi chini kwa maelfu ya miaka. Je, mtu atachoraje yote hayo kwenye ramani ambayo sentimita moja ni sawa na kilomita 20?

Jawabu la Milne lilikuwa kuacha kuzichora aina za udongo moja moja. Aliuchukua mfuatano mzima, kutoka kileleni hadi bondeni, akauhesabu kuwa kitu kimoja. Mwaka 1935 aliupa jina la Kilatini, catena, yaani mnyororo. Mwaka uliofuata ramani yake, aliyoitengeneza pamoja na wataalamu wenzake wa Kenya na Uganda, ikachapishwa. Leo hakuna idara ya udongo duniani isiyolijua neno hilo. Wanaochunguza nyasi na nyumbu wa Serengeti hulitumia kila uchao.

Msomaji atauliza haya yanahusianaje na safu ya lugha. Subiri kidogo.

Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936, Milne alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika akichimba mashimo na kuandika. Alifariki mwaka 1942, na taarifa ya safari hiyo ikatoka katika jarida la ikolojia la Uingereza mwaka 1947. Kwa wakulima wa Usukuma, mteremko ulikuwa umeshagawanywa zamani, na kila sehemu ilikuwa na jina. Luseni ni udongo wa kichanga ulio karibu na vilima, mwepesi kwa jembe. Chini yake kuna itogolo, wa kijivu, wenye tabaka gumu lisilopitisha maji. Upo pia ibambasi, mgumu na wenye chumvi, ambao mkulima huupa mgongo. Mwisho kabisa, bondeni, ndipo kuna mbuga.

Mbuga! Kwetu Kenya neno hili limebakia na wanyama wa kutazamwa na watalii. Mwulize mtoto wa shule mbuga ni nini, atakutajia Maasai Mara. Kamusi zitakwambia ni uwanda wenye nyasi na miti michache. Kwa mkulima wa Usukuma, mbuga ni bonde la udongo mweusi mzito, unaonasa mguu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi hadi mguu wa ndama unazama. Waingereza wa Tanganyika hawakupata neno la Kiingereza lililowatosha. Wakaandika mbuga katika ripoti zao, bila tafsiri. Neno likaingia katika sayansi likiwa na maana yake kamili ya shambani, wakati sisi wenye lugha tulikuwa tukiipoteza maana hiyo.

Simwoni Milne kama mwizi wa maarifa ya Wasukuma. Alichimba mashimo yake mwenyewe, na wazo la kuziunganisha aina hizo ni lake. Ninachosema ni kwamba mwenzangu alipofungua lile daftari la kijani, niliona jambo lililo kinyume kabisa, nalo lilitendwa na mwana wa hapa hapa.

Alipokuwa akifanya utafiti wa uzamifu, alichagua mteremko mmoja na kuugawa maeneo matano. Mwenye shamba alikuwa mama mmoja mzee, ambaye alitembea naye kutoka juu hadi chini akimtajia kila udongo kwa jina, na kueleza mchwa wa hapa hawafanani na wa pale. Mwenzangu aliyaandika majina kwa penseli pembezoni mwa ukurasa. Ilipofika wakati wa kupiga tasnifu chapa, msimamizi wake alimwambia majina ya kienyeji hayaongezi chochote. Naye hakubisha. "Tulimwogopa mtahini wa nje, bwana," aliniambia. Katika jedwali, sehemu zile zikaitwa eneo la kwanza hadi la tano.

Digrii akaipata, akaanza kufundisha. Anasema miaka yake mizuri ni ile ya tisini. Nairobi wakati huo ilikuwa makao ya mradi wa kimataifa wa biolojia na rutuba ya udongo wa tropiki, ulioongozwa na Mike Swift, na mwongozo wa mradi huo ulikuwa mikononi mwa kila mtafiti wa fani hiyo. Utaratibu wake hauhitaji mtambo wowote. Unachimba kipande cha udongo cha sentimita 25 kwa 25, kina cha sentimita 30, unakimwaga kwenye sinia, halafu unapiga magoti na kuokota kila kiumbe kwa mkono: nyungunyungu, mchwa, jongoo, mabuu ya mbawakawa.

Kwenye sinia, asema, darasa lilibadilika. Mwanafunzi ambaye ukumbini hakufungua mdomo, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, ghafla ndiye alikuwa mwalimu. Wa Busia alijua tsiswa wa usiku na wa mchana, na mvua ipi huwatoa kichuguuni. Wa Siaya akambishia kwa habari za ngwen. Mabishano yakawa ya Kiswahili kilichochanganyika na lugha za nyumbani, na yalikuwa na ikolojia zaidi ya mhadhara wake. Mtihani ulipofika, wale wale walijibu kwa Kiingereza wakapata alama za kupitia tu. "Niliwasahihisha mimi mwenyewe," aliniambia, akakaa kimya kidogo.

Miaka miwili iliyopita alirudi kwenye ule mteremko. Yule mama alikuwa ameshafariki. Wajukuu wake walimpokea vizuri, wakamwandalia chai, wakamwonyesha shamba. Aliwauliza udongo wa juu unaitwaje. Mchanga. Na wa katikati? Mchanga. Na ule mweusi wa mtoni? Mchanga mweusi.

Hapa sote tuna hatia. Wakenya tumeliachia neno "mchanga" likameza udongo, mfinyanzi, tifutifu, kichanga na hata vumbi. Mimi mwenyewe nilikaa katika warsha za istilahi ambapo tulijadili orodha ya maneno ya Kiingereza kuanzia herufi A, hotelini, kwa chai na mahamri. Hakuna aliyekumbuka kumwalika mkulima, wala kuleta udongo mezani.

Basi tukarudi kwenye swali lake. "Mnyororo wa udongo" ndilo jibu la haraka, lakini mnyororo kwetu una pingu na utumwa ndani yake. Halafu akanieleza kwamba Milne hakuwa na mnyororo wowote tu akilini. Alifikiria ule unaoning'inia kutoka ncha mbili, kilima hadi kilima, na kiungo cha chini kabisa kikiwa bondeni. Nikamwambia, hilo tuna neno lake: mkufu. Mkufu hukaa shingoni hivyo hivyo. Mkufu wa udongo.

Alilitafakari, akasema wakulima watadhani anazungumzia dhahabu. Nikamjibu si vibaya wakidhani hivyo. Hatukuafikiana, na sitalilazimisha neno langu hapa. Wasomaji walio na neno la nyumbani kwao na watuletee.

Kabla ya kuondoka alinionyesha ule ukurasa wa pembezoni. Penseli imefifia, lakini majina manne yanasomeka. La tano, la ule udongo mweusi wa mtoni, lilifutwa na maji ya mvua siku ile ile alipoliandika, naye aliona atalikumbuka tu. Amenakili yale manne kwa wino kwenye daftari jipya, na mstari wa tano ameuacha wazi. Amesikia kuna dada yake yule mama bado yu hai, ng'ambo ya mto. Tunakwenda Jumamosi.