Kanda ya Baba Mdogo Iliyoanzia Katikati

Najua nimepotea. Boom lilichelewa, bando likakata, na jamaa yenu nikawa naishi kwa maharage ya mkopo. Sasa nimerudi, tena nimerudi na insha, msinikimbie.

Ni hivi. Mwalimu wetu wa historia katupa kazi: chagua chanzo kimoja ambacho si karatasi, ukipime kinasema nini na kinaficha nini. Wenzangu wamekimbilia picha za mnato na nyimbo za dansi. Mimi nikasema nitaandika juu ya vile vichekesho vya Kimarekani vya mtu mmoja na maiki, vilivyorekodiwa kwenye kanda. Darasa zima likacheka. Nikajisemea basi angalau kimoja kimeshachekesha, hehehe.

Tatizo likaanzia bwenini. Tuko wanne chumbani, Jumamosi umeme ulikuwepo, tukaamua kuangalia moja baada ya nyingine na kutoa maksi kama za UE. Kufikia saa nane usiku tulikuwa tunagombana. Mmoja anadai hao Wamarekani ni wachekeshaji kuliko wote duniani, mwingine anasema hawafikii hata unywele wa King Majuto, Mungu amrehemu, aliyetutoka Agosti 2018. Huyu mwenzangu wa Mwanga akauliza swali ambalo ndilo limenitoa usingizini: "Mangi, hebu sema ukweli. Unacheka kwa sababu umeelewa, au kwa sababu wale waliokaa ukumbini wamecheka?"

Kha! Swali gumu. Maana mimi nimekua Machame nikicheka kitu ambacho sikielewi hata neno.

Baba mdogo alikuwa na deki na televisheni kubwa yenye mgongo kama ng'ombe wa maziwa. Kanda zilikuwa chache: harusi mbili, filamu moja ya karate na Delirious ya Eddie Murphy, ambayo aliinunua Nairobi mwaka 1989 akiwa kijana. Mimi nimezaliwa 2004, kwa hiyo nilipoanza kuiangalia ilikuwa kitu cha zamani tayari, wenzetu wa mjini wana DVD. Ila Desemba, watu wakipanda kutoka Dar na Arusha kuja kuhesabiwa, sebule inajaa, mtori uko jikoni, wazee wana mbege yao nje kwenye migomba, na baba mdogo anaweka kanda. Kiingereza cha Murphy kinakimbia kama gari limekatika breki pale mteremko wa Kwa Sadala. Hatuelewi. Tunacheka tu, maana baba mdogo anacheka mpaka anapiga goti.

Lakini kuna sehemu tulizielewa, na hapa ndipo insha yangu inapoanza kusimama. Ile sehemu ya gari la aiskrimu inapita mtaani na watoto wanarukwa na akili. Ile ya mama anayerusha kiatu kinakata kona na kumfuata mtoto. Murphy haelezi, anaigiza kwa mwili wake wote, na kila mtoto wa Machame aliyewahi kukimbia kandambili ya mama anajua mchezo ule. Alirekodi onyesho lile Agosti 1983, Washington, akiwa na miaka 22 tu. Umri wangu, wadau. Mimi kwa umri huo nimewahi kusimama mbele ya watu mara moja, kwenye semina, na jasho lilinitoka.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana bila Richard Pryor hakuna Murphy. Pryor alitoa Live in Concert mwaka 1979, mtu mmoja na maiki yake, na kwa maoni yangu mpaka leo haijapata mpinzani. Kuna pale anapoeleza bibi yake alivyokuwa anamtuma akalete fimbo ya kuchapiwa yeye mwenyewe. Chumba kizima tulilala chini. Maana hiyo ni Marekani au ni kwetu? Bibi yangu alikuwa anatuma hivyohivyo, na ole wako uvunje tawi la mbuni, hapo unachapwa mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kahawa. Kaka yangu siku moja alitumwa fimbo akarudi ameshika jani la isale. Kwa wasio Wachaga: isale likiletwa ni kuomba radhi, na aliyeletewa hawezi kukataa. Bibi alisimama pale amekasirika hana la kufanya, kisha akaanza kucheka mwenyewe. Nina hakika Pryor angelipa hela kuipata ile hadithi.

Live in Concert: A. Hakuna aliyepinga.

Halafu kuna Live on the Sunset Strip ya 1982, na hii ndiyo inatuhusu moja kwa moja. Pryor alisafiri kwenda Kenya mwaka 1979, na katika onyesho hili anasimulia safari ile. Anasema alipokaa akatazama watu weusi wa kila aina wakifanya kila kazi, akagundua kwamba lile neno la N, ambalo alilitumia maisha yake yote jukwaani na hata kwenye majina ya santuri zake, halimfai mtu yeyote aliyekuwa anamwona. Akaamua kuliacha. Ukumbi unakaa kimya pale. Kwenye kanda ya vichekesho, kimya ni kitu cha kutisha, na yeye anakiacha kikae.

Mwenzangu mmoja akasema huyu katupamba tu, watalii wote wakija wanasema hivyo. Sikubali. Kwa sababu muda uleule Pryor anasimulia alivyompa lifti Mwafrika mmoja, na harufu ya yule mtu ikamshinda. Tukaanza kununa, tunasema haya sasa, dharau imeingia. Kumbe yule abiria naye anaziba pua kwa sababu ya harufu ya Mmarekani! Ubao ukasoma moja moja, tukacheka mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta. Na kwenye onyesho hilohilo anacheka namna alivyojiunguza moto Juni 1980 kwa ajili ya dawa za kulevya, nusura afe. Anajichoma mwenyewe kwanza ndipo anawagusa wengine.

Nikaingia maktaba kutafuta kwa nini hilo linafanya kazi, nikaangukia kitu ambacho bibi angenieleza bure: utani. Radcliffe-Brown aliandika makala yake maarufu juu ya watani mwaka 1940, Wazungu wakashangaa kwamba kuna watu wanaruhusiwa kutukanana na ni marufuku kukasirika. Sisi Wachaga na Wapare tunajua. Huyu wa Mwanga ananiita mwizi kila asubuhi, mimi namwita bahili anayekula kwa kunusa moshi wa jirani, maisha yanaendelea. Mtani anaweza hata kuja msibani akaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado hayajakauka. Lakini anayefanya hivyo lazima awe mtani. Mpita njia akijaribu atatolewa kwa mawe.

Kwa hiyo swali si mzaha ni mkali kiasi gani tu, ila pia nani kakupa ruhusa.

Nyingine nizipitishe haraka. Bring the Pain ya Chris Rock, 1996: huko kwao inahesabiwa kubwa sana, lakini inaanza na Marion Barry, meya wa Washington aliyekamatwa na dawa za kulevya mwaka 1990 na bado wananchi wakamrudisha kwenye kiti uchaguzi wa 1994. Ilibidi nisimamishe kanda nieleze. Nikimaliza kueleza, watu wananitazama kama mnavyomtazama mhadhiri saa saba mchana. C, na si kosa la Rock. Wekeni Ze Komedi, wale kina Joti na Masanja waliotokea EATV kisha wakaenda TBC1 kama Orijino Komedi, muwaonyeshe watu wa Chicago wakiigiza wanasiasa wetu wa wakati ule. Watatoa C hiyohiyo.

The Original Kings of Comedy, ya Spike Lee, 2000, ilirekodiwa Charlotte, North Carolina. Bernie Mac peke yake ndiye kaibeba. Anaeleza alivyochukua watoto wa dada yake kuwalea kwa sababu mama yao kashindwa na dawa za kulevya, na watoto wenyewe ni moto. Sisi tunacheka, mara nikaona yule wa Mwanga kanyamaza. Kumbe kalelewa na mjomba. Baadaye akasema: "Mjomba angekuwa na maiki angesema hayohayo." Akampa A. Mimi nilitaka B+, nikaacha.

Na kwa wale wanaobisha kwamba kicheko cha kwenye kanda ni cha kweli, angalieni Kill the Messenger ya Rock, 2008. Imerekodiwa New York, London na Johannesburg, halafu ikaunganishwa. Sentensi inaanzia mji mmoja, inamalizikia mwingine, nguo zimebadilika. Ukicheka unacheka pamoja na mabara matatu, na hujui kila mji ulicheka kiasi gani ukiwa peke yake. Fundi wa kukata kanda ni mchekeshaji wa pili, ila hajitokezi.

Sasa nirudi Machame, nimekuwa nikizunguka hapa kusudi.

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani na laptopu, ndani yake Delirious nzima, safi, siyo ile kanda yenye theluji. Nikataka kumfurahisha baba mdogo. Sebule imejaa kama kawaida. Nikabonyeza, Murphy akatokea na suti yake nyekundu ya ngozi, na mimi nikashangaa, maana sikuwahi kuuona mwanzo huo. Miaka yote kanda ya baba mdogo ilikuwa inaanzia katikati. Akimaliza kuangalia anairudisha nyuma mpaka mahali fulani, anasimamisha. Mimi nilijua ndivyo ilivyo.

Baba mdogo akasema taratibu, "Peleka mbele kidogo." Nikamwambia aa, baba mdogo, leo tunaangalia yote. Dakika chache, Murphy akaingia kwenye mashoga, kisha ukimwi. Mzaha wake ni kwamba wanawake wanaenda kustarehe na rafiki zao mashoga, wanarudi nyumbani na ugonjwa midomoni. Ukumbi wa Washington unavunjika mbavu. Baba mdogo akainuka, akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Hakurudi mpaka tulipokula.

Mama ndiye aliyenieleza usiku jikoni. Baba mkubwa, yule wa kwenye picha ukutani ambaye mimi niliambiwa alikufa kwa homa, alikufa kwa ukimwi mwaka 1994. Baba mdogo ndiye alimuuguza, alimwogesha, wakati majirani wengine hawakutaka hata kunywa maji nyumbani kwetu, wakidhani unaambukiza kwa vikombe. Kanda ile walikuwa wanaiangalia wote wawili zamani.

Nimetafuta tarehe, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Agosti 1983 Murphy anarekodi. Mwaka huohuo, 1983, ndipo wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi Tanzania walipotolewa taarifa, mkoani Kagera. Kule watu waliuita ugonjwa Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wa kutoka Uganda. Nao walikuwa na mzaha wao, lakini walikuwa wanauvaa wenyewe. Murphy hakujua, ni kweli, mwaka 1983 hata madaktari walikuwa wanapapasa. Mwaka 1996 aliomba radhi kwa yale aliyoyasema juu ya ukimwi na mashoga. Kanda lakini haiombi radhi, inarudia tu, na watu wa ukumbini wanacheka kila mara kwa sauti ileile.

Mwenzangu mmoja anasema nikikata maksi kwa sababu ya msiba wa nyumbani si historia hiyo, ni hasira. Anaweza kuwa sahihi. Lakini nikitoa A kwa kile kiatu cha mama nikajifanya dakika zile hazipo, nitakuwa nimefanya alichofanya baba mdogo na kitufe cha kurudisha nyuma, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na sababu. Kwenye insha nimeandika yote mawili, gari la aiskrimu na ukimwi, na nimewaonyesha wasomaji kanda inaanzia wapi na yetu ilianzia wapi. Hiyo pengo nadhani ndiyo chanzo changu hasa.

Jana nikampigia baba mdogo simu, nikamwambia tunatoa maksi bwenini, Delirious ampe ngapi. Akacheka, akaanza kuniimbia wale watoto wa aiskrimu na Kiingereza chake kilekile cha 1989. Akasema hiyo ni mia kwa mia.

Nikauliza, na mwanzo je?

"Mwanzo siwezi kutoa maksi," akasema. "Sijauona tangu tisini na nne." Kisha akaniuliza kama boom limetoka.