Mashine na Udugu wa Mgodini

Walio wengi hudhani kuwa chombo kipya kikiwa bora, kazi hustawi yenyewe. Migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza ilionyesha kinyume chake. Zamani wachimbaji walifanya kazi kwa vikundi vidogo. Kila mtu alimchagua mwenziwe, na kikundi kilikata makaa, kikapakia, kikategemeza dari kwa miti. Zilipokuja mashine za kukatia na mikanda ya kuchukulia makaa, watu wapatao 40 waligawanywa katika zamu tatu, kila zamu na kipande chake cha kazi. Zamu moja ikilegea, iliyofuata iliumia. Lawama zikazidi na utoro ukaenea. Mwaka 1951 Eric Trist, bingwa wa elimu ya nafsi, na Ken Bamforth, aliyepata kuwa mchimbaji, walieleza sababu: mfumo mpya ulivunja udugu uliowakinga watu gizani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1963 ulithibitisha jambo hilo katika migodi ya Durham. Huko wachimbaji wengine walitumia mitambo ya namna ile ile, lakini walipokezana kazi na kugawana ujira sawasawa. Utoro ulipungua, makaa yakaongezeka. Basi aletaye chombo kipya na aulize kwanza kitawatenga akina nani.