Yubile ni Mwaka wa Kurudisha



Orodha ya walimu wa kwaya, safari zetu na kanda tulizorekodi katika miaka hii 50 mtaikuta kwenye kurasa nyingine za kijitabu hiki. Mimi niliombwa na kamati ya yubile niandike historia ya wimbo mmoja ambao kwaya hii imeuimba tangu mwanzo, na ambao wengi wenu mnaujua bila kitabu: Tukutendereza Yesu. Nilifikiri ni kazi ya jioni moja. Imenichukua wiki sita, na mtakaofika mwisho mtajua kwa nini.

Nianze na neno lenyewe, yubile. Sisi tukilisikia tunawaza keki, fulana na mgeni wa heshima. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, tarumbeta ya mwaka wa 50 ilipigwa Siku ya Upatanisho, siku ile ile ambayo watu wote walijinyenyekeza mbele za Mungu kwa ajili ya dhambi zao. Tarumbeta ikishalia, shamba lililouzwa kwa sababu ya umaskini lilirudi kwa mwenyewe, na aliyejiuza kuwa mtumishi alirudi kwao. Toba ilitangulia, vitu vikafuata. Keki sikuiona katika sura ile, ingawa siwakatazi kuila leo.

Sasa tuje kwenye wimbo. Tukutendereza ni neno la Kiganda, maana yake tunakusifu. Uliingia Kenya ukibebwa na watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, na waliuimba kila mara mtu aliposimama kuungama dhambi zake na kushuhudia kwamba amesamehewa. Ndiyo maana haukuhitaji kutafsiriwa. Mkikuyu, Mluo, Mkamba na Mtaita waliuimba kwa Kiganda hicho hicho, na wageni waliosafiri kwenda mikutano ya mbali waliutumia kama salamu. Uganda waliitwa Abalokole, yaani waliookoka. Kwa Wakikuyu wakaitwa ahonoki. Wao wenyewe waliitana ndugu.

Mizizi ya Uamsho huu iko Gahini, Rwanda, juu ya Ziwa Muhazi, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari wa hapo aliitwa Joe Church, Mwingereza. Mwaka 1929 alikuwa amechoka kabisa baada ya njaa kali iliyoipiga sehemu ile ya Rwanda. Akaenda Kampala kupumzika, na pale kilimani Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kazi ya serikali katika mambo ya afya. Wawili hawa walikaa siku kadhaa wakisoma Biblia na kuomba. Mmoja alikuwa mzungu mmisionari, mwingine Mwafrika katika nchi iliyotawaliwa na wazungu, na katika siku zile hawakutarajiwa kukaa kama wenzi. Walikaa hivyo, na mengi yalitokana na hapo.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha Yosiya Kinuka. Huyu alikuwa mkuu wa wasaidizi katika hospitali ya Gahini. Mapema katika miaka ya 1930 kazi ilikuwa imeharibika pale: wafanyakazi walinung'unika, hawakuelewana, vitu vya hospitali vilipotea. Kinuka alipofika kwa Nsibambi huko Kampala, aliulizwa mbona hospitali haiendi vizuri. Akataja makosa ya wenzake, na ya wakubwa pia. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba taabu ya Gahini ilianzia ndani ya moyo wake mwenyewe. Hebu fikirini, mmekwenda kushtaki halafu mnapewa jibu hilo! Kinuka alirudi nyumbani akiwa na uchungu, na katika safari hiyo akajisalimisha kwa Kristo. Alipofika alianza kwa kuwaambia wenzake makosa yake, si yao. Hospitali ikaanza kubadilika kuanzia kwake. Baadaye aliwekwa wakfu kuwa kasisi.

Hapo ndipo ulipoonekana utaratibu uliowatambulisha ndugu hawa popote walipokwenda. Mtu akisema ametubu, walimngoja arudishe. Aliyeiba alirudisha alichoiba au alilipa. Mwenye deni alilipa deni. Aliyemchukia mtu alimwendea huyo mtu. Walimfuata Zakayo wa Luka 19, ambaye hakumwambia Yesu kwamba anajisikia vibaya. Alitaja hesabu, nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa Askofu wa Kigezi, alisimulia mara nyingi kwamba baada ya kuokoka akiwa mwalimu kijana, ilimbidi apande baiskeli safari ndefu hadi kwa mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia, ili amwombe msamaha uso kwa uso. Angeweza kuandika barua. Angeweza pia kuomba faraghani na kulala. Mimi nisingepanda hiyo baiskeli, nasema kweli.

Waliita maisha haya kutembea nuruni, kutoka waraka wa kwanza wa Yohana. Kuungama mara moja hakukutosha. Walikutana kila wiki katika ushirika, na mtu aliulizwa habari za nyumba yake, fedha zake na ulimi wake. Utii ulikuwa wa Jumanne na Jumatano, si wa Jumapili tu.

Ninapenda sana kwamba yubile nyingine ilihusika katika habari hii. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alifundisha Gahini, na aliumizwa kuona Kanisa la Uganda limepoa, watu wakiendelea na dhambi za wazi huku wakishiriki Meza ya Bwana. Aliandaa hoja zake azipeleke mbele ya sinodi, lakini mwezi wa Januari 1936 homa ikamuua kabla sinodi haijakaa. Neno alilowaachia ni moja, Zukuka, yaani amka. Kanisa la Uganda lilikuwa likijiandaa kuadhimisha miaka 60 katika mwaka 1937, na neno la marehemu likawa wito wa mikutano ya injili iliyotangulia sherehe hizo. Walianza na toba, ngoma baadaye.

Mwaka huo huo wa 1937 kikundi cha ndugu kutoka Rwanda na Uganda kilifika Kabete, na moto ukashika Kenya. Haukupokelewa vizuri kila mahali. Wamisionari wengine na wazee wa kanisa waliona ni fujo, na mara nyingine ilikuwa fujo kweli. Wapo walioungama dhambi za majirani kwa sauti kuliko zao. Wapo waliojiona kanisa la kweli ndani ya kanisa. Kule Mukono, mwaka 1941, wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia walifukuzwa pamoja na William Nagenda, kwa sababu hawakukubali kuacha mikutano yao ya alfajiri na kukemea maovu ya wenzao chuoni. Hadi leo watu hawajapatana kama ule ulikuwa utii kwa Mungu au ukaidi kwa wakubwa. Nafikiri ulikuwa na chembe za vyote viwili.

Mtihani mkubwa wa ndugu wa Kenya ulikuja baada ya Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Ndugu wengi katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema wameshashiriki damu ya Kristo na hawawezi kushiriki nyingine. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Kwa hiyo waliteswa na pande zote mbili, na wengine waliuawa. Najua katika kanisa letu kuna jamaa ambao babu zao walikuwa msituni wakipigania ardhi yetu, na wengine ambao babu zao waliuawa usiku kwa kukataa kiapo. Siandiki haya ili kumhukumu babu ya mtu. Naandika kwa sababu watu wale waliposema wametubu chuki, walitakiwa kulipia neno hilo, na walilipa. Anayepita Murang'a aingie katika kanisa la ukumbusho la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Ndani yake kuna picha tano kubwa ukutani zilizochorwa na Elimo Njau katika miaka ya 1950, kuanzia kuzaliwa kwa Yesu hadi kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na vilima ni vya pale pale Murang'a.

Siwezi kuisifu Gahini nikaruka mwaka 1994. Rwanda, nchi ambayo Uamsho ulianzia, iliangamizwa na mauaji ya kimbari, na watu wengi waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, wakati mwingine kwa msaada wa watumishi wa makanisa hayo. Walioua walijua nyimbo hizi tunazozijua. Wapo ndugu waliokufa kwa kuwaficha majirani, hao nao wasisahauliwe. Lakini toba ya babu hairithiwi kama shamba, na sauti nzuri haithibitishi kitu. Nasema hivyo nikiwa katibu wa kwaya.

Sasa nieleze zile wiki sita.

Nilipokuwa natafuta ni lini tuliimba Tukutendereza mara ya kwanza, nilifungua madaftari yote ya kumbukumbu za mikutano. Katika moja, la zaidi ya miaka kumi iliyopita, nilikuta mwandiko wangu. Nilikuwa ndipo nimetoka chuo cha ualimu na nimechaguliwa katibu msaidizi. Mwaka ule tulifanya harambee ya sare za zambarau, zile tulizovaa hadi juzi. Hesabu ilipofanywa, shilingi 14,500 hazikuonekana. Mweka hazina wetu alikuwa mama mmoja wa sauti ya pili. Alisimamishwa, na tangazo likasomwa kanisani Jumapili, baada ya mahubiri. Aliacha kuja mazoezini, halafu akaacha kuja kanisani kwetu kabisa.

Miezi mitatu baadaye risiti ya fundi ilipatikana ndani ya kitabu cha nyimbo cha mwanakamati mwingine. Alikuwa amempa fundi malipo ya mbele ya sare za ziada akasahau kusema. Fedha hazikuibwa na mtu. Kamati ilifurahi, tukamshukuru Mungu kwa maombi, na mimi nikaandika: "Jambo la fedha za sare limekwisha." Basi. Hakuna aliyetumwa kwa yule mama. Hakuna tangazo lililosomwa. Nilijua, na nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mdogo na waliokosea walikuwa wazee wangu. Hata katika rasimu ya kwanza ya historia hii nilikuwa nimeandika kwamba mwaka ule kwaya ilipata sare mpya kwa neema ya Mungu.

Niliipeleka kumbukumbu hiyo kwa mwenyekiti, naye akaipeleka kwa kamati. Kulikuwa na maneno. Wengine walisema tusifukue ya zamani wakati wa furaha. Mwishowe watatu tulitumwa kwake, mwenyekiti, mama mlezi wa kwaya na mimi. Alitukaribisha, akatupikia chai, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akanitazama mimi akasema, "Mwalimu, mlinisema mbele ya kanisa zima, leo mnakuja kuniomba msamaha jikoni?"

Hatukuwa na jibu. Alikuwa anatufundisha Zakayo, nasi tulikuwa tumekwenda na soda na mkate.

Tulirudi mara ya pili tukamwomba ruhusa ya kuandika habari hii na kuisema mahali ilipoharibiwa. Alikubali, ila jina lake lisitajwe. Alisema watakaohitaji kulijua wanalijua. Hakutuambia kama atakuja leo. Hakutuambia pia kama ametusamehe, na hatukumsukuma, kwa sababu hilo ni lake.

Kamati imekubaliana mambo haya. Kumbukumbu ya mkutano ule imesahihishwa na kutiwa sahihi na wanakamati wa wakati ule walio hai. Nakala amepelekewa yeye na kanisa analoabudu sasa. Hapa kwetu, mwenyekiti ataisoma leo baada ya mahubiri, wakati ule ule lile tangazo liliposomwa. Kwa hiyo ratiba iliyochapishwa kwenye ukurasa wa pili imebadilika kidogo: Tukutendereza, iliyokuwa imepangwa kuwa wimbo wa kuingilia, itaimbwa baada ya kumbukumbu hiyo kusomwa. Sauti ya pili tunaomba msimame upande wa dirisha kama kawaida, na muache nafasi moja.