Majina ya Wanawake kwenye Kura ya Kasindi

Katika uchaguzi wa Mei 1960, uliomfikisha Patrice Lumumba kwenye uwaziri mkuu, waliopiga kura Kongo yote walikuwa wanaume peke yao. Kasindi, katika eneo la Beni huko Kivu Kaskazini, kwenye mto Lubiriha unaoitenga Kongo na Uganda, haikuwa tofauti. Chumvi ya Katwe ilikuwa ikivushwa huko tangu zamani na biashara ya mpakani haikujua mpaka wa jinsia, lakini sanduku la kura liliujua.

Mlango ulifunguliwa kwa juu kwanza. Sophie Kanza, Mkongo wa kwanza wa kike kumaliza chuo kikuu, aliingia serikalini mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri. Haki ya kura ikafuata mwaka 1967. Bahati mbaya ilikuja sambamba na MPR, chama cha Rais Mobutu, ambacho hakikuchelewa kubaki peke yake. Mwanamke alipata kura wakati ambapo hakukuwa na wa kuchagua.

Sheria ya Familia ya 1987 iliongeza fundo lingine. Kifungu cha 448 kilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria lenye kumfunga. Kasindi fundo hilo lilionekana kwa macho: mfanyabiashara kutoka Butembo angeweza kubishana kutwa nzima na watu wa forodha juu ya bunda la vitenge, akashinda, kisha mkopo ukamkwama kwa sababu mume hajatia sahihi. Na kuongoza chama, ukiondoa hotuba, ni kutia sahihi tu. Kifungu hicho kilirekebishwa mwaka 2016.

Katiba ya Februari 2006 ilitamka usawa wa wanawake na wanaume katika vyombo vya dola, kifungu cha 14. Sheria ya uchaguzi ya mwaka uleule ikasema orodha ya wagombea isiyo na usawa huo haitakataliwa kwa sababu hiyo, yaani mkono wa pili ulirudisha nusu ya kilichotolewa na wa kwanza. Hata hivyo kwenye karatasi ya urais ya Julai 2006 walikuwamo wanawake 4 kati ya wagombea 33, mmoja wao Catherine Nzuzi wa Mbombo, aliyeongoza tawi la MPR lililobaki baada ya Mobutu. Mwaka 2011 orodha ilishuka hadi majina 11. Beni ilimwona humo mwana wake, Mbusa Nyamwisi. Mwanamke hakuwamo hata mmoja.

Marie-Josée Ifoku ndiye aliyeurudisha uso wa mwanamke. Njia yake haikupitia Kivu. Tshuapa, moja ya mikoa iliyozaliwa Équateur ilipogawanywa mwaka 2015, ilimpa unaibu gavana, kisha ugavana hadi 2017. Baada ya hapo alisimama kwa chama chake mwenyewe, Alliance des Élites pour un Nouveau Congo, na mwaka 2018 akawa mwanamke pekee kati ya wagombea urais 21. Dhamana ya kugombea ilikuwa kama dola 100,000, fedha ambayo huchuja watu kabla mpiga kura hajaamka. Kampeni zake hazikuomba kura kwa sababu ya jinsia; alilenga mfumo mzima, na katika miaka iliyofuata siasa yake akaiita « kombolisation », kutokana na neno la Kilingala la kufagia.

Kasindi haikuhesabiwa katika kura hiyo. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na eneo la Beni zima, pamoja na Yumbi huko Mai-Ndombe, zitapiga kura Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni 1.2 waliachwa kando. Tarehe 30 wakazi wa Beni walijipangia kura yao wenyewe: wakanawa mikono kama Ebola ilivyowafundisha, wakapanga foleni, wakapiga kura ambayo hakuna ofisi iliyokuwa tayari kuipokea. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Machi ilipofika, kilichobaki kuchaguliwa kilikuwa viti vya wabunge.

Kwa hiyo, ukihesabu kuanzia 2006, mpiga kura wa Kasindi alikaa miaka 17 bila nafasi ya kumpa mwanamke kura ya urais iliyohesabiwa. Nafasi hiyo ilirudi tarehe 20 Desemba 2023. Safari hii waliokosa kupiga kura Kivu Kaskazini walikuwa Masisi na Rutshuru, kwa vita vya waasi wa M23. Kwenye skrini ya mashine ya kupigia kura kulikuwa na sura 26, mbili za wanawake: Ifoku tena, na Joëlle Bile. Ifoku hakufikisha asilimia 1. Miezi michache baadaye, Aprili 2024, Judith Suminwa Tuluka akawa mwanamke wa kwanza kushika uwaziri mkuu wa Kongo. Yeye aliteuliwa na rais.